Nyayo za Moo Duk Kwan: kwa treni kutoka Yongsan hadi Songtan

Tangu nirudi, wanafunzi wangu wa taekwondo hapa Mombasa wananiuliza habari za Korea kila jioni, na wenye nia ya kwenda wanataka bei na njia. Nimeketi na daftari na picha za simu, nikayapanga mambo kwa siku. Nilichokifuata kule ni silsila ya walimu wetu. Mwalimu aliyenifunza, Mungu amrehemu, alifunzwa Nairobi miaka ya themanini na Mkorea mmoja, na kwenye cheti chake palikuwa na ngumi iliyozungukwa na majani. Hiyo ni nembo ya Moo Duk Kwan, mojawapo ya vyuo vilivyoizaa taekwondo. Chuo hicho kilianzia kwenye majengo ya reli, nami nikaamua kukifuata kwa treni.

Jumamosi: Incheon hadi Yongsan

Tiketi ya Mombasa hadi Incheon kupitia Addis Ababa, kwenda na kurudi, ilinitoka shilingi 138,000, na niliinunua miezi kadhaa kabla. Viza huombwa ubalozini Nairobi. Walitaka taarifa za benki, barua ya kazi na mahali nitakapolala kila usiku, kwa hiyo usiende bila mpango ulioandikwa.

Uwanjani Incheon, ingia duka dogo lolote ununue kadi ya T-money, kisha uitie pesa taslimu. Utaipitisha kwenye treni, kwenye basi, hata ukinunua maji. Treni za kwenda mjini ni za aina mbili, na ile inayosimama kila kituo inatosha kabisa: chini ya won 5,000, mwendo wa saa moja hivi hadi Seoul Station. (Wakati ule won 1,000 ilikuwa kama shilingi 95 za Kenya.) Hapo nikabadilisha nikapanda Laini ya 1, na kituo cha pili tu ni Yongsan.

Hapa ndipo pa kuanzia. Japani iliiachia Korea Agosti 1945. Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo, siku aliyotimiza miaka 31, mfanyakazi wa reli aitwaye Hwang Kee alifungua darasa lake hapa Yongsan, akaliita Moo Duk Kwan. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wenzake wa reli. Darasa halikukaa. Watu walikuja, wakachoka, wakaondoka, akaanza upya. Kwa simulizi yake mwenyewe, jina alilokuwa akiliita sanaa yake halikujulikana na watu, na mambo yalianza kunyooka alipolitumia jina Tang Soo Do, lililokuwa limeshazoeleka. Baadaye njia za reli zikambeba: mfanyakazi akihamishiwa mji mwingine, huondoka na mazoezi yake, na ukumbi mwingine huzaliwa karibu na stesheni.

Yongsan ya leo ni jumba la maduka lililokalia stesheni, na chini yake treni za kasi zinaondoka kuelekea kusini-magharibi. Nilizunguka pande zote mpaka giza likaingia na sikuona kibao wala picha ya kumtaja. Nilisikitika, nakiri. Kisha nikatazama watu wanavyomiminika kutoka kwenye treni, maelfu kwa dakika chache, nikaelewa kwa nini mtu mwenye jambo la kufundisha angechagua mahali kama pale.

Nyumba ya wageni ilikuwa kichochoroni, won 45,000 kwa usiku, na ramani ya simu ilikuwa ikinizungusha tu. Mama mmoja aliyebeba vitunguu vya majani alisimama, akaitazama anwani, akanishika mkono wa shati bila neno na kunifikisha mlangoni. Nilimwinamia kama tunavyoinama mazoezini. Alicheka, akaniinamia pia, akaenda zake.

Jumapili: Imjingak

Kutoka Yongsan kuna laini inayokwenda kaskazini moja kwa moja hadi Munsan bila kubadilisha treni. Ni zaidi ya saa nzima ya maghorofa na mashamba ya mpunga. Kutoka Munsan kuna treni fupi ya kuendelea mbele, lakini safari zake ni chache, nilikuta imeshaondoka. Nikangoja basi la mtaa kwa dakika arobaini, nikila gimbap, yaani wali na mboga vilivyoviringwa kwa mwani, won 4,000. Mwambie muuzaji mapema kama huli nguruwe. Gimbap nyingi hutiwa nyama yake, na aliyeniuzia alinitengenezea nyingine mbele ya macho yangu bila kununa.

Nilikwenda Imjingak, bustani ya kumbukumbu karibu na mpaka wa Korea Kaskazini, kwa ajili ya jina moja: Jangdan. Ndiko Hwang Kee alikozaliwa mwaka 1914, ng'ambo ya mto, kwenye ardhi ambayo leo imekatwa na mpaka wa Korea mbili. Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto wa miaka saba hivi, wakati wa sikukuu ya Dano, alimwona mtu mmoja akizingirwa na kundi la wanaume karibu na kilabu cha pombe. Mtu yule aliwakwepa na kuwatawanya kwa mikono na miguu, mmoja mmoja. Mtoto alimfuata akajua anakoishi, akawa anamchungulia kwa mbali akifanya mazoezi na mwenziwe. Alipojipa moyo kuomba afundishwe, alikataliwa kwa udogo wake. Akaendelea kuchungulia.

Pale Imjingak kuna kichwa cha treni ya mvuke kilichotolewa stesheni ya Jangdan. Usiku wa mwisho wa mwaka 1950, jeshi la China likiwa limeingia vitani, treni hii ilizuiwa isiendelee kaskazini, ikarudishwa hadi Jangdan, na majeshi ya Marekani yakaimiminia risasi ili isitumiwe na adui. Ilibaki palepale, katikati ya ardhi isiyokanyagwa na mtu, kwa zaidi ya nusu karne. Nilikaa nayo muda mrefu. Chuma kimekuwa rangi ya udongo mwekundu wa Taita. Matundu ya risasi ni zaidi ya elfu moja, mengine madogo ya kupitisha kidole, mengine yamepasuka na kingo zake zimepinda kwa ndani. Pembeni pameoteshwa mforosadi ulioota wenyewe ndani ya treni hiyo ilipokuwa imetelekezwa.

Mzee mmoja aliyevaa kofia ya jeshi la zamani aliniona nikipiga picha matundu. Kwa Kiingereza cha maneno machache aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Kenya, taekwondo, akanionyesha kaskazini kwa mkono mzima: "Kaesong." Nami nilikuwa nikiutafuta mji huohuo kwa macho. Ro Byung-jick, mwanzilishi wa Song Moo Kwan, alifundisha Kaesong, na leo mji huo uko upande wa pili. Watu wa silsila yetu wamekatwa na waya ule wa mpaka. Kati ya waanzilishi wa vyuo vitano vya mwanzo, wawili, Yoon Byung-in na Chun Sang-sup, walipotelea kwenye vita vya 1950. Hawakurudi kwenye kumbi zao tena, na ni wanafunzi wao ndio walioviendeleza vyuo.

Jumatatu: Kukkiwon na Itaewon

Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo, iko Gangnam, juu ya kilima. Shuka stesheni ya Gangnam au Yeoksam, upande kwa miguu. Viatu viwe vizuri. Jengo lilifunguliwa mwaka 1972, na paa lake ni la vigae vya kienyeji vilivyopinda pembeni. Mashindano ya kwanza ya dunia ya taekwondo yalifanyika humu Mei 1973. Kwa ukubwa si la kutisha, ukizingatia kwamba mikanda myeusi ya ulimwengu mzima hupata vyeti vyake hapa.

Kwenye jumba la makumbusho kuna mabango, vikombe, sare zilizofifia. Nilichokitafuta ni vyuo. Mwaka 1978 vyuo tisa vilikubali kuungana na kila kimoja kikapewa namba, Song Moo Kwan ya kwanza, Moo Duk Kwan ya nne, Chung Do Kwan ya tisa. Lakini si Moo Duk Kwan yote iliyoingia. Serikali ya miaka ya sitini ilitaka sanaa moja chini ya chama kimoja, na chuo cha Hwang Kee kikagawanyika: baadhi ya wanafunzi wake wakubwa wakaingia taekwondo, mwenyewe akabaki nje na jina la Soo Bahk Do. Sisi wa Mombasa tumetoka kwa wale walioingia. Kwa hiyo tuna deni kwa pande zote mbili, na sioni sababu ya kulichagua moja.

Jambo lililonigusa ni la mwaka 2002. Jenerali Choi Hong-hi, aliyeipigania sana taekwondo kwa jina hilo tangu 1955, alifariki Juni mwaka huo akiwa Pyongyang. Hwang Kee alifariki Julai akiwa Marekani. Wazee wawili waliohitilafiana kwa miongo waliondoka duniani kwa kupishana mwezi mmoja, na hakuna kati yao aliyefia Seoul.

Jioni nilipanda hadi msikiti mkuu wa Itaewon, uliofunguliwa mwaka 1976. Ukitaka chakula cha halali, njia inayopanda msikitini imejaa mikahawa ya Waturuki, Wapakistani na Waarabu. Wali na kuku won 12,000. Nje ya msikiti kijana mmoja alisikia nikirekodi ujumbe wa sauti kwa nyumbani, akasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje kama ni mwalimu?"

"Nimesikia ukiwaambia watoto wasiache mazoezi."

Ni mtu wa Tanga, anasoma uhandisi. Nilimweleza kuhusu cheti cha mwalimu wangu na kwamba nina anwani ya ukumbi mmoja wa zamani Suwon lakini simu yangu kwao haijibiwi vizuri kwa sababu ya lugha. Akapiga palepale. Akaongea Kikorea dakika tano, akanigeukia: "Wamesema karibu Jumatano, magharibi. Ila uende na zawadi, usiende mikono mitupu." Nilikuwa na kahawa ya Kenya begini.

Jumanne: mvua

Suwon ni mwendo wa saa moja kwa Laini ya 1. Nilikwenda kuona maonyesho ya sanaa za vita mbele ya kasri la Hwaseong Haenggung, yanayofanyika saa tano asubuhi. Mvua ikanyesha, yakafutwa. Nikashinda kwenye mkahawa nikila samaki wa kuchoma na supu ya maharage, won 11,000, vitoweo vya pembeni vikiongezwa bure kila sahani ikiisha.

Ukipanga safari yako, iache Suwon na siku ya akiba, na usiende Jumatatu maana hawachezi.

Jumatano: Suwon

Jua limetoka. Mfalme Jeongjo alijenga ngome ya Hwaseong kati ya 1794 na 1796, na miaka michache kabla yake, 1790, kilikamilika kitabu alichoamuru kiandikwe, kiitwacho Muyedobotongji. Wasomi wawili, Yi Deok-mu na Pak Je-ga, walikiandika, na mwanajeshi Baek Dong-su alihakikisha kila pigo lililochorwa linatendeka. Zimo sanaa 24, nyingi za silaha: mikuki, panga, nyingine juu ya farasi. Ngumi tupu zina sura yake.

Wachezaji walitoka na sare za walinzi wa mfalme. Mmoja alikata matete yaliyosimamishwa kwa upanga, hatua tatu, mkato, zamu, mkato, na vipande vikaanguka kabla hajamaliza kugeuka. Nilikitazama zaidi kiwiliwili chake kuliko upanga: kiuno kilianza, bega likafuata, mkono ukaja mwisho. Ndicho ninachowapigia kelele wanafunzi wangu kila siku.

Hwang Kee alikutana na kitabu hiki mwaka 1957 kwenye maktaba ya taifa, akakisoma kwa miaka, na humo akapata jina la Soo Bahk na mafunzo ya ngumi aliyoyafufua kuwa hyung mpya, yaani mifuatano ya mapigo inayochezwa kwa mpangilio. Hapa nataka kusema wazi, maana kwenye kumbi zetu huwa tunasimulia kwamba taekwondo ni ya miaka elfu mbili na haikuguswa na mtu. Hwang Kee alijifunza kwa mwalimu wa Kichina Manchuria, alipokuwa akifanya kazi reli ya huko miaka ya thelathini. Akarudi akasoma vitabu vya karate ya Okinawa. Lee Won-kuk wa Chung Do Kwan na Ro Byung-jick walifunzwa Japani na mwalimu mkubwa wa karate, Funakoshi Gichin mwenyewe. Ndiyo maana hyung za Pyung Ahn wanazocheza watu wa Tang Soo Do zinafanana na Heian za wenzetu wa karate. Wazee hawa walikusanya walichokipata chini ya ukoloni, wakakipa mwili wa Kikorea na mateke ya juu yasiyo na mfano. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko hadithi ya ukale, na ndiyo nitakayowafundisha watoto.

Jioni nikaenda ukumbini. Uko ghorofa ya pili, chini ni duka la dawa. Mlangoni palikuwa na basi dogo la manjano likishusha watoto, kwa sababu kumbi za huku hupitia watoto shuleni na kuwarudisha nyumbani. Mwalimu mkuu ni mzee wa miaka themanini na kitu, mgongo umenyooka, mkanda wake umechanika uzi mpaka pamba nyeupe inaonekana. Siku hizi hufundisha mwanawe. Yeye huketi pembeni, na mtoto akikosea husimama taratibu, humgusa kisigino kwa kidole cha mguu, hurudi kukaa.

Nilimpa kahawa kwa mikono miwili. Nikamwonyesha picha ya cheti. Aliivuta karibu, akavua miwani, akaivaa tena. Moo Duk Kwan humpa kila mwenye dan, yaani daraja la mkanda wa juu, namba yake, na namba hizo zinafuatana tangu mwanzo. Aliinakili namba ya Mkorea aliyetia saini, akapiga simu kwa mzee mwenziwe, wakabishana kwa sauti kubwa na kucheka. Mwanawe alinitafsiria kupitia simu: huyo bwana walimjua, alifunzwa kwenye ukumbi mkuu uliokuwa karibu na stesheni ya Seoul, kisha akaondoka nchini na barua zikakoma. Hawakujua kwamba alifika Nairobi.

Mzee akaniambia nivue viatu niingie kwenye mstari. Nikafanya mazoezi na watoto wa miaka kumi. Alinirekebisha teke la ubavu: nyonga yangu ilikuwa inafunguka mapema. Mwalimu wangu alikuwa akinirekebisha hilohilo, kwa kunigusa palepale.

Hawakukubali malipo. Mke wa mzee alinifungia viazi vitamu vya kuchoma kwenye gazeti nikale njiani.

Alhamisi: Songtan

Kusini mwa Suwon, laini ileile, kuna Songtan, na si mbali na stesheni kuna kambi ya jeshi la anga la Marekani iitwayo Osan. Hakuna cha kuona zaidi ya mtaa wa maduka ya washona suti na geti lenye walinzi. Nusu siku inatosha. Nilikuja kwa sababu mwishoni mwa miaka ya hamsini mwanajeshi kijana aitwaye Chuck Norris alijifunza Tang Soo Do hapa, kwa Shin Jae-chul, mwanafunzi wa Moo Duk Kwan. Sisi tuliokua tukimtazama Norris kwenye vibanda vya video hatukuwahi kusikia jina la Shin. Naye baadaye alihamia Marekani, na mwaka 1982 akaanzisha chama cha dunia cha Tang Soo Do, akakiongoza hadi alipofariki 2012. Mwanafunzi akajulikana dunia nzima, mwalimu akajulikana na wenye mikanda tu. Kituo cha basi nje ya geti kina benchi. Nilikaa pale nikaandika majina yote, kutoka Hwang Kee kushuka hadi kwa mwalimu wangu, kila jina na aliyemfunza.

Ijumaa: kurudi

Niliswali Ijumaa Itaewon, nikaagana na kijana wa Tanga, nikapanda treni ya uwanjani. Kabla ya kuondoka, ingia duka dogo urudishiwe salio la T-money. Kama haizidi won 20,000 wanakupa taslimu papo hapo wakikata 500. Ndani ya nchi, kula, kulala, treni na mabasi, nilitumia kama won 590,000. Ukiweza kulala kwenye bweni utapunguza sana.

Usiku ule kijana alinitumia ujumbe. Mzee wa Suwon amempigia: anaomba picha ya ukumbi wetu na majina ya wanafunzi wenye mikanda myeusi, kwa herufi kubwa, ampelekee yule rafiki yake wa kwenye simu. Nimewapiga picha Jumamosi iliyopita pale Tononoka, wamesimama kwa daraja, na orodha imeshaondoka.